Kamba wa Akwariamu Ndani ya Keja: Jinsi ya Kuanza Hapa Nax Bila Kuchoma Ganji

Inaanza hivi. Umeenda kwa keja ya beshte yako Section 58 kucheki mechi. Juu ya meza kuna kitanki kidogo cha glasi, na ndani yake vidudu vyekundu vinatembea juu ya majani, vinachokoa chokoa kila kitu na vimikono vyao kama mama anayechambua mboga. Mechi inaisha hujui nani amefunga. Kesho yake unaanza kuuliza bei.

Hapo ndipo wasee wengi huchoma picha. Wananunua tanki Jumamosi asubuhi, wanaijaza maji ya mfereji saa sita, saa nane wanamwaga kamba kumi ndani. Kufikia Jumatano wako na tanki poa sana ambayo haina mtu.

Kamba wadogo wa maji yasiyo na chumvi si wa bei ya kutisha. Kinachomaliza mfuko ni kuwanunua mara tatu. Na hapa Nakuru kuna vitu viwili vinavyowaua kuliko vingine vyote: haraka ya mwenyewe, na maji yetu ya Bonde la Ufa ambayo yana tabia zake. Ukishika hayo mawili, mengine ni rahisi. Soma hii yote kabla utoe hata mia.

Kamba gani wa kuanza naye

Kwanza tuelewane: hawa si kamba wa kuanika nguo, na si wale wakubwa wa kukaangwa Mombasa. Hawa ni wadogo, urefu wa sentimita 2 hadi 3, na wanaishi maisha yao yote kwa maji matamu.

Wa kuanza naye anaitwa Neocaridina davidi. Asili yake ni Asia Mashariki, na akiwa porini ni wa rangi ya hudhurungi tu. Wafugaji walichagua wenye rangi kizazi baada ya kizazi hadi wakapata wekundu, manjano, buluu na weusi. Yule mwekundu ndiye maarufu zaidi, na ndiye anayesamehe makosa. Kuna ndugu zake wa jenasi ya Caridina, wenye milia myeupe na myeusi, wanaopendeza vibaya sana. Hao waache kwanza. Wanataka maji laini yenye asidi kidogo, kitu ambacho Nakuru utakitafuta kwa tochi.

Usichanganye rangi kwa tanki moja. Wekundu na buluu wakizaana, vizazi viwili vitatu vikipita utabaki na watoto wa hudhurungi kama mababu zao. Chagua rangi moja, tulia nayo.

Na Kenya tuko na kamba wetu. Ziwa Victoria kuna Caridina nilotica, ambaye Wajaluo wanamwita ochong'a, na wengi wao huishia kwa chakula cha kuku na samaki. Ni wa huku kwetu, ndiyo, lakini kwa anayeanza, kamba aliyezaliwa ndani ya tanki ni rahisi zaidi kuliko aliyetolewa ziwani. Ameshazoea kuishi ndani ya glasi.

Habari njema: baridi ya Nax ni rafiki

Neocaridina anakaa fiti kwa maji ya nyuzi 18 hadi 26. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ndani ya nyumba maji ya tanki mara nyingi yatacheza hapo hapo bila usaidizi. Kwa hivyo hita hauhitaji. Hiyo ni pesa umeokoa na tokeni za stima umeokoa.

Mwezi wa Julai maji yakishuka kidogo, kamba watapunguza mwendo na kuzaa polepole. Hawatakufa kwa hiyo. Kinachowaumiza ni joto kupanda na kushuka ghafla, kwa hivyo usiweke tanki dirishani penye jua la mchana, wala karibu na jiko.

Kuna upande wa pili wa mwinuko. Hewa yetu ni nyepesi. Kwa joto lile lile, maji ya Nakuru yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na maji ya Mombasa. Ndiyo maana pampu ya hewa, hata ile ndogo kabisa, hapa si urembo.

Sasa tuongee maji

Hii ndiyo sehemu ambayo video za majuu hazitakwambia.

Bonde la Ufa limejengwa na volkano. Menengai iko hapo juu ya mji, Longonot iko njiani ukienda Nairobi. Maji ya chini ya ardhi yanapopita kwa miamba hiyo yanabeba vitu viwili kwa wingi: floraidi, na bikaboneti ya sodiamu, ile familia ya magadi. Yale meno ya kahawia unayoyaona kwa watu wengi waliokulia Nakuru, Gilgil na Naivasha si uchafu, ni floraidi ya utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na kuna visima vingi ukanda huu vinavyopita hapo mbali.

Kwa kamba, shida ni hii. Ukinunua vifaa vya kupima maji utakutana na herufi GH na KH. GH inapima kalsiamu na magnesiamu. KH inapima bikaboneti, yaani nguvu ya maji ya kuzuia pH isishuke. Kwa nchi nyingi hizo mbili hupanda pamoja, kwa hivyo mtu husema tu "maji yangu ni magumu" na anaelewana na kila mtu. Maji ya kisima ya Bonde la Ufa hayafuati hiyo script. KH inaweza kuwa juu sana na GH ikawa chini, kwa sababu kilichomo ni sodiamu, si kalsiamu.

Na kamba anaishi kwa kalsiamu. Kila baada ya wiki kadhaa anavua gamba lake lote na kujenga jipya. Kalsiamu ikikosa, gamba jipya linakuwa dhaifu au la zamani linakataa kutoka. Utaona mstari mweupe umezunguka shingo yake kama kola, halafu asubuhi amelala ubavu. Wengi hudhani ni ugonjwa, wanaweka dawa, na dawa inamaliza waliobaki.

Upungufu wa kalsiamu una ubaya mwingine: floraidi huwa sumu zaidi kwa wadudu wa majini pale maji yanapokosa kalsiamu. Kwa hivyo maji ya kisima yanaweza kumpiga kamba mara mbili.

Malengo ni haya: pH kati ya 6.5 na 8. GH kati ya 6 na 10. KH kati ya 2 na 8. Amonia sufuri, nitriti sufuri, nitrati chini ya 20.

Nakuru una vyanzo vinne vya maji, na kila kimoja kina adabu yake.

*Mfereji.* Maji haya yamewekwa klorini, na klorini inaua kamba na bakteria wazuri. Yaache kwa ndoo iliyo wazi kwa saa 24, ukiweza na pampu ya hewa ndani, au tumia dawa ya kuondoa klorini ya duka la samaki. Halafu pima. Maji ya Kiamunyi na ya Lanet si lazima yafanane, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa tofauti.

*Kisima.* Pima GH na KH kwanza kabla ya kitu chochote. KH ikiwa imepita 10 na GH haifiki 4, maji hayo peke yake hayafai.

*Mvua.* Ni ya bure na haina floraidi, lakini haina madini pia. GH yake ni karibu sufuri. Mabati mapya hutoa zinki, ambayo ni sumu kwa kamba, na paa la zamani lina vumbi na kinyesi cha ndege. Acha mvua za kwanza za msimu zioshe paa, kisha kinga za baadaye.

*Maji ya refill.* Zile duka za mtaani za kujaza mtungi wa lita 20. Zinazotumia mashine ya kuchuja kwa shinikizo hutoa maji yaliyobaki karibu matupu, na hayo ni dhahabu kwako kwa sababu unaanza na ukurasa mweupe. Lakini si kila duka linafanya hivyo. Beba kipima TDS, kile kikalamu kidogo cha kidijitali. Ukisoma namba chini ya 30, hayo ndiyo. Ukisoma 300, umeuziwa maji mengine, na hayo pima kama kisima.

Njia rahisi kwa wengi wetu ni kuchanganya. Chukua maji ya mfereji yaliyotulia, ongeza ya refill au ya mvua hadi KH iingie ndani ya malengo. Kisha rudisha kalsiamu kwa kutumia chumvi za madini za kamba zinazouzwa na maduka ya akwariamu. Kijiko kidogo huenda mbali kwa tanki ya lita 25, kwa hivyo mkebe mmoja utakaa nao muda mrefu. Mfupa wa ngisi unaouzwa kwa wafugaji wa ndege unaweza kuuweka ndani pia, lakini kwa maji yenye pH ya juu huyeyuka polepole sana. Ni nyongeza, si suluhisho.

Ukipata mchanganyiko unaofanya kazi, uandike. Ndoo ngapi za hii, jagi ngapi za ile. Kamba wanaweza kuzoea namba ambazo si kamilifu. Namba zinazobadilika kila wiki ndizo zinawamaliza.

Gawanya ganji yako mara kumi

Bei hupanda na kushuka, kwa hivyo badala ya kukupa namba ambayo mwezi ujao itakuwa uongo, gawanya bajeti yako kwa mafungu kumi.

Mafungu matatu: vipimo. Vya pH, amonia, nitriti, GH na KH, pamoja na kikalamu cha TDS. Najua inauma, kwa sababu ni pesa isiyoonekana kwa tanki. Lakini ndiyo itakayokuzuia kununua kamba mara ya pili. Kama uko na mbogi ya marafiki wanaofuga, changeni mnunue seti moja.

Mafungu mawili: tanki.

Mafungu mawili: pampu ya hewa, filta ya sponji, na kizuizi cha maji kurudi nyuma.

Fungu moja: chumvi za madini na dawa ya klorini.

Mafungu mawili: kamba wenyewe na mimea.

Taa? Balbu ya LED nyeupe ya kawaida juu ya tanki, saa 6 hadi 8 kwa siku, inatosha. Hita, gesi ya kaboni, mapambo ya meli iliyozama: achana nazo.

Tanki na vitu vya ndani

Usianze na kitanki cha lita 5 eti kwa sababu kamba ni wadogo. Maji kidogo huharibika haraka. Lita 20 hadi 40 ndizo zinazosamehe. Kumbuka lita moja ni kilo moja, kwa hivyo lita 30 pamoja na mawe na glasi ni mzigo wa gunia. Meza ya kuyumba haitoshi.

Fundi wa vioo anaweza kukutengenezea tanki, na mara nyingi kwa bei nafuu kuliko duka. Mwambie kabisa atumie silikoni isiyo na dawa ya kuvu, kwa sababu ile ya bafuni huwekwa dawa na inaua. Iache ikauke wiki moja, ijaze maji, iangalie siku mbili kama inavuja, mwaga, ndipo uanze. Hauna za glasi? Boksi safi la plastiki la kuhifadhia vyakula litafanya kazi. Halitapata likes, lakini kamba hawako kwa mtandao.

Filta iwe ya sponji. Filta zenye mdomo mkubwa humeza watoto wa kamba, sponji haimezi, na juu yake huota utando ambao kamba hula siku nzima. Weka pampu juu zaidi ya usawa wa maji au tumia kile kizuizi. La sivyo siku stima itakapopotea, maji yatarudi kwa mpira na kushuka polepole hadi kwa extension. Hiyo ni soo ya aina nyingine.

Mchanga wa mto ni sawa ukiuosha hadi maji yatoke meupe. Mawe ya volkano yenye matundu matundu, ambayo huku kwetu yamejaa, ni makao mazuri ya bakteria. Yasugue bila sabuni, yaloweke kwa ndoo wiki moja, pima pH ya maji hayo mwanzo na mwisho. Ikiwa imepanda sana, jiwe hilo libaki nje. Usichukue mchanga wala mawe kutoka fuo za Ziwa Nakuru, Elementaita au Bogoria. Maziwa hayo ni ya magadi, na magadi hayo yatakufuata hadi kwa tanki. Isitoshe, Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi ya taifa, na ndani ya hifadhi hauokoti kitu.

Mimea weka mingi. Moss ndiyo bora, watoto hujificha humo. Ile mimea inayoelea bila mizizi, yenye majani kama mkia wa paka, hunyonya uchafu haraka. Na lile ua la kutambaa ambalo mama huliweka sebuleni na kuliita money plant, kata tawi, acha mizizi yake iingie majini na majani yabaki nje. Linakula nitrati bure. Mimea ya dukani ioshe na uiloweke kwa ndoo tofauti wiki mbili ukibadilisha maji, maana inaweza kuwa na mabaki ya dawa ya wadudu.

Wiki sita za kuangalia maji matupu

Hii sehemu ndiyo huwashinda watu. Tanki iko tayari, inameremeta, na hauruhusiwi kuweka mtu ndani.

Kamba na chakula kinachooza hutoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu, nitrati kidogo si tatizo. Bakteria hao hawapo kwa tanki mpya. Unawasubiri waote, na kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, mara nyingine zaidi kukiwa na baridi.

Hapa maji ya Bonde la Ufa yanatuongezea presha. Sumu ya amonia inategemea pH. Kwa pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko kwa hali ile ya kuua. Kwa pH 9, ni zaidi ya robo. Kwa hivyo kosa ambalo mtu wa maji laini angesamehewa, wewe wa maji ya magadi hautasamehewa.

Unafanya hivi. Washa pampu. Tupa chakula kidogo cha samaki, chembe za kushika kwa vidole viwili, kila baada ya siku mbili. Pima kila wiki. Utaona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti inapanda kisha inashuka, halafu nitrati inatokea. Amonia na nitriti zikikaa sufuri kwa wiki nzima ilhali unaendelea kutia chakula, tanki imekomaa. Ukiwa na rafiki mwenye tanki yenye afya, muombe akamulie sponji yake ndani ya yako. Hayo maji machafu ni zawadi, yatapunguza kusubiri.

Utaona pia kijani kinapaka kioo na utando mwembamba juu ya mawe. Usisugue. Hicho ndicho chakula cha kwanza cha kamba wako.

Siku ya kuwaleta

Uliza wauzaji wa samaki wa mapambo hapa mjini kwanza, na wafugaji wenzako. Ukiwakosa, Nairobi ni kilomita kama 160, na kamba husafiri vizuri kwa mfuko wenye maji kidogo, hewa nyingi na kipande cha moss cha kushikilia. Waulize maswali mawili: wamezaliwa kwa tanki yako au wamefika juzi? Na GH ya maji yako ni ngapi? Muuzaji anayejua majibu ndiye wa kumpa ganji.

Nunua kumi. Ukiwa na kumi, uwezekano wa kupata jinsia moja tu ni mdogo sana. Chukua wadogo kuliko wakubwa, kwa sababu kamba huishi mwaka mmoja hadi miwili tu, na mkubwa ameshakula nusu.

Ukifika usiwamwage. Waweke kwa bakuli na maji yao, chukua mpira mwembamba wa hewa, ufunge fundo, uache maji ya tanki yadondoke tone moja au mawili kwa sekunde kwa muda wa saa moja hadi mbili. Maji ya bakuli yakishakuwa mara tatu ya yale ya mwanzo, wavue na wavu laini uwaweke ndani. Maji ya bakuli yamwage nje. Zima taa, nenda zako.

Siku inayofuata ukiona mwili mweupe uwazi umelala chini, usipanguse machozi bado. Mwili wa kamba aliyekufa hugeuka waridi na kujaa nyama. Ukiwa mtupu na uwazi, ni gamba tu amevua. Liache, atalila mwenyewe arudishe kalsiamu.

Msosi na usafi

Kamba hula utando na majani yanayooza mchana kutwa. Wewe unaongezea tu. Mara mbili au tatu kwa wiki wape kipande cha sukuma wiki, mchicha au karoti kilichochemshwa dakika kadhaa hadi kizame. Saizi ya ukucha inatosha kwa kamba kumi. Kilichobaki baada ya saa chache kitoe. Sukuma ya shambani kwako ni salama kuliko ya soko, kwa sababu unajua kama ilipigwa dawa. Jani la mpera lililokauka lenyewe mtini linaweza kukaa ndani wiki kadhaa, na watalikwangua hadi libaki wavu.

Ukienda ushago wiki moja, usimuachie caretaker chakula. Kamba watamaliza wiki bila wewe. Chakula cha caretaker hawatakimaliza.

Kila wiki toa lita 2 au 3 kwa tanki ya lita 25, urudishe maji yenye mchanganyiko ule ule na joto lile lile, polepole. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya maji uliyotoa, kamwe si chini ya mfereji, kwa sababu klorini itaua bakteria uliowasubiri wiki sita.

Vitu vinavyoua usiku mmoja

Dawa ya mende na mbu. Nakuru tunaijua pareto, kiwanda chake kiko mjini hapa. Sumu ya pareto na nduguze wa maabara humaliza wadudu, na kamba kimwili ni jamaa wa wadudu. Dawa ikinyunyizwa chumba cha pili inaweza kufika kwa tanki kupitia pampu ya hewa. Keja ikipigwa dawa ya kunguni, hamisha tanki kwa jirani siku kadhaa.

Shaba. Dawa nyingi za samaki wagonjwa zina shaba. Samaki anapona, kamba anakufa. Maji ya moto ya shower pia usiyatumie, kwani hupita kwa vyuma.

Mikono yenye lotion, sanitaiza au sabuni. Osha kwa maji matupu kabla ya kuingiza mkono.

Na huruma. Ukiona mmoja amekufa, usibadilishe maji yote kwa hofu. Pima kwanza. Kubadilisha kila kitu ghafla ndiko huwafanya wengine wavue gamba kabla ya wakati.

Wakizaana: somo la Naivasha

Mambo yakienda fiti, baada ya miezi kadhaa utaona jike amebeba mayai 20 au 30 chini ya tumbo, akiyapepea. Atayabeba wiki 3 hadi 5 kulingana na joto. Watoto hutoka wakiwa kamba kamili, wadogo kama herufi kwenye gazeti. Mwaka ukiisha unaweza kuwa na mia.

Hapo mtu hupata wazo la kuwapeleka "wakaishi huru" kwa Mto Njoro au Ziwa Naivasha. Usijaribu. Mwaka wa 1970 krefishi wekundu kutoka kusini mwa Marekani waliwekwa Ziwa Naivasha ili wavuliwe na kuuzwa. Biashara ilifanyika, lakini wageni hao walizaana na kula mimea ya chini ya maji, na ziwa lililojulikana kwa mayungiyungi yake likabadilika kabisa. Zaidi ya nusu karne imepita na bado wako humo. Hakuna aliyeweza kuwarudisha. Walioanzisha walikuwa na nia nzuri pia.

Kwa hivyo waliozidi wape marafiki, uza, au badilishana na duka kwa chakula na mimea. Maji machafu mwagia maua au sukuma, yana mbolea. Mimea iliyozidi ikaushe juani kabla ya kutupa, isiingie kwa mtaro unaoshuka ziwani. Na ukichoka kabisa na hobi hii, mtafute mtu wa kuwachukua kabla haujaizima pampu.

Ukianza leo: wiki hii pima maji ya kwako na ya duka la refill lililo karibu. Wiki ijayo tafuta fundi wa tanki. Kamba wenyewe wako mbele, karibu miezi miwili kutoka sasa. Inaonekana mbali, lakini yule beshte wa Section 58 pia alikaa na tanki tupu mezani, watu wakimcheka kwamba anafuga maji.